Amplifaya ya Wati Tano

Kazini na nyumbani walimwita Meno, kwa sababu kutengeneza meno bandia ndiyo kazi iliyomlisha kwa miaka ishirini na miwili, na kwa sababu meno yake mwenyewe yalikuwa meupe, yamejipanga kama askari wa gwaride. Alikuwa mtu wa taratibu. Kutwa alikaa kwenye benchi lake nyuma ya kliniki, chini ya taa yenye shingo ndefu, akichonga nta, akimimina plasta, akisugua jino la plastiki mpaka ling'ae kama la kuzaliwa nalo. Akirudi nyumbani alioga, akanywa chai, kisha akaingia kwenye chumba kidogo kilichoachwa na binti yake aliyekwenda chuoni, akafunga mlango, akashika gitaa.

Gitaa hilo lilikuwa na historia yake. Ujanani yeye na mdogo wake wa kike walipiga kwenye mahafali na harusi za ndugu. Yeye gitaa, dada mtu sauti. Na sauti yenyewe haikuwa ya mchezo. Ilikuwa nyembamba, inapanda bila kutafuta ngazi, ndiyo maana ukoo mzima ulimwita Chiriku. Halafu maisha yakafanya kama yanavyofanya. Chiriku akapata kazi ya uuguzi nchi ya mbali, Meno akaoa, gitaa likapanda juu ya kabati na kukaa huko miaka kumi na minane. Mwaka uliopita, katika kutafuta sanduku la vyeti, Meno alilishusha, akalifuta vumbi, akabadilisha nyuzi, na tangu siku hiyo hakulirudisha tena.

Tatizo lilikuwa amplifaya. Aliyokuwa nayo ilikuwa ya kuazima kwa rafiki yake mwenye ukumbi wa mikutano, nayo ilikuwa zigo la kifaa, kubwa kama jokofu la soda, lililoundwa lisikike na watu mia tatu. Ukiifungulia kidogo, kimya. Ukiongeza unywele mmoja, vioo vya dirisha vinatetemeka. Katikati ya kimya na tetemeko hapakuwa na kitu.

Na upande wa pili wa ukuta alikaa Bi Taipu.

Bi Taipu alikuwa mama wa miaka sabini na ushei, mjane, mwembamba kama uzi, aliyepiga chapa hukumu za mahakama kwa miaka thelathini na mmoja. Watu walisema hakuwahi kukosea herufi, na majaji wenyewe walimwogopa. Tangu Meno aanze kufanya mazoezi, kila jioni ilikuwa hivyohivyo: anapiga dakika kumi, kumi na tano, halafu ukutani inasikika pa! Kiatu. Anapiga tena, pa! Anakunja uso, anapunguza sauti mpaka haisikiki, anaendelea kwa kunong'ona. Wakikutana nje wanasalimiana vizuri, wala hakuna anayelitaja hilo, kana kwamba viatu vinajipiga vyenyewe.

Pengine mambo yangeendelea hivyo mpaka mmoja wao ahame, kama si ujumbe ulioingia kwenye simu ya Meno siku moja mchana akiwa kazini, mikono imejaa plasta. Ulitoka kwa Chiriku. "Kaka, nimepata likizo. Nakuja baada ya wiki tano. Gitaa bado unalo? Natamani kuusikia ule wimbo wetu wa mjomba."

Meno alinawa mikono, akausoma mara mbili, akacheka peke yake. Wimbo wa mjomba waliutunga wenyewe, Chiriku akiwa na miaka kumi na sita, kumsema mjomba wao aliyeahidi kila sikukuu kwamba safari ijayo atawaletea baiskeli. Ulikuwa wimbo wa utani, lakini katikati ulikuwa na kipande cha gitaa peke yake, vidole vinapanda juu kwa mwendo wa paka, kisha vinateremka kwa mbio kama maji ya mferejini. Ujanani alikipiga akiwa amefumba macho. Sasa kila akifika kwenye kule kuteremka, vidole vinafungana, anasimama, anaanza upya.

Jioni hiyo alimsomea mkewe ujumbe. Mkewe alikuwa mpokea wageni kwenye hoteli, mwanamke aliyejua kumtuliza mtu aliyekosa chumba saa ya uchovu, na ulimi wake haukupata kukosa neno.

"Wiki tano," alisema mkewe. "Na lile dude lako, Chiriku akija atakuta tumeshafukuzwa mtaani."

"Kwa hiyo niache?"

"Nani kasema uache? Tafuta kinacholingana na chumba. Mtu hafugi tembo kwenye banda la kuku."

Ijumaa Meno aliomba ruhusa ya kutoka mapema, akaenda kwa Fundi Redio. Huyu alikuwa bwana mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine juu ya paji la uso, na duka lake lilikuwa jembamba, limejaa spika, waya, na vifaa vya kale vilivyofunuliwa matumbo. Zamani alitengeneza redio tu. Redio zilipoanza kutupwa badala ya kutengenezwa, akahamia kwenye amplifaya za gitaa.

"Chumba kina ukubwa gani?" aliuliza Fundi, hata kabla hajauliza mteja ana shilingi ngapi.

"Hatua nne kwa tatu."

"Jirani?"

"Tunagawana ukuta mmoja."

"Ana tabia gani?"

"Anapiga kiatu."

Fundi alitikisa kichwa polepole, kama daktari aliyesikia dalili anayoijua. Alishusha kutoka rafuni amplifaya mbili, akaziweka juu ya kaunta kando kwa kando. Zote zilikuwa za valvu, zile zenye vichupa vya kioo ndani vinavyowaka rangi ya kaa la moto.

"Watu wanaingia hapa wananiuliza wati," alisema. "Nipe wati hamsini, nipe wati mia. Wanazitaka wati kana kwamba zinaliwa. Sasa nikwambie. Amplifaya ya valvu ni kama sufuria, haitoi utamu mpaka ipate moto sawasawa. Hiyo kubwa ya ukumbini ukiipiga chumbani, ama unaila mbichi, ama unaiivisha jirani anahama. Ndogo inaiva mapema, sauti ikiwa bado ya kibinadamu. Lakini usidanganyike na neno ndogo. Wati tano chumbani kwako zinatosha kumwamsha hata aliyemeza dawa ya usingizi."

"Sasa itakuwaje?"

Fundi aliigeuza ile ndogo, akamwonyesha swichi mgongoni. "Ukibonyeza hapa, inashuka hadi nusu wati. Hapo mnaweza kuzungumza wewe na mkeo huku unapiga."

Ile ndogo ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, spika moja ya inchi nane, na vitufe viwili tu vya kuzungusha, kimoja cha sauti, kimoja cha kuichangamsha au kuituliza. Haikupendeza wala haikuchukiza. Jirani yake ndiyo iliyomvuta Meno macho. Hiyo ilikuwa ya wati kumi na tano, imevikwa kitambaa cha dhahabu usoni, ina vitufe saba, na ndani yake mlikuwa na springi za kutengeneza mwangwi. Meno alichomeka gitaa, Fundi akawasha, wakasubiri valvu zipate moto. Alipogusa uzi wa kwanza, sauti ilitoka pana, ikaelea, ikakawia kutua. Meno alijisikia kijana. Alijisikia hodari.

"Hii," alisema.

"Subiri kwanza," Fundi alisema. "Sauti ya dukani si sauti ya nyumbani. Hapa kuna mabati na maboksi, kwako kuna mapazia na kitanda. Nakujua, meno ya mama yangu uliyatengeneza wewe. Chukua zote mbili, ukae nazo, Jumatatu urudishe moja. Sharti langu ni moja tu: usichomoe waya wa spika ikiwa imewashwa. Utaiua, na mimi nitakuua wewe."

Alipofika nyumbani na mizigo miwili kwenye teksi, mkewe alimpokea mlangoni, akazitazama.

"Na mwenye kiatu umemuuliza?"

"Kumuuliza nini?"

"Wewe unachagua kitu ambacho nusu yake itasikilizwa na yeye. Hotelini kwetu hatubadilishi mashine ya kufulia bila kumuuliza mgeni wa chumba cha jirani. Nenda kaongee na mama wa watu."

Meno aliona haya. Mwaka mzima hakuwa amevuka hatua kumi za kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Lakini mkewe alikuwa ameshika kiuno, na alipokuwa ameshika kiuno hapakuwa na rufaa. Akaenda, akabisha hodi.

"Karibu," sauti ilijibu.

Chumba cha Bi Taipu kilikuwa kimepangwa kwa mstari. Magazeti yamelingana pembe, vikombe vimeelekeza mikono upande mmoja, na kando ya dirisha, juu ya meza ndogo, taipureta kuukuu imefunikwa kitambaa cheupe. Ukutani, kimo cha mtu aliyekaa kitini, rangi ilikuwa imechubuka kwa alama za soli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Meno alikaa ukingoni mwa kiti. Alikuwa ameandaa hotuba njiani, ikamtoroka. "Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Kwa makelele. Najua nakusumbua sana. Ila sasa nataka kununua amplifaya ndogo, na nimepewa mbili za kujaribu. Nikaona nikuombe, kama hutajali, kesho asubuhi usikilize kutoka huku, useme ipi itakuudhi kidogo."

Bi Taipu alikunja uso.

"Makelele?" alisema. "Nani kakwambia makelele yananisumbua? Mimi nimefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika chumba chenye taipureta kumi na mbili, zote zinalia kwa pamoja. Makelele ni usingizi wangu."

"Sasa kiatu, mama?"

"Kiatu ni kosa!" Bi Taipu alijiinua kidogo kitini. "Kile kipande chako cha katikati. Unapanda vizuri, nasema haya, leo anafika. Unaanza kuteremka, unakosea. Palepale! Unarudi mwanzo, unapanda, unakosea palepale. Mwaka mzima, mwanangu. Mtu aliyekosea neno anafuta, anaandika upya taratibu. Wewe unakosea kwa kasi ileile, unadhani ukikimbia zaidi utalipita kosa bila kuonana nalo. Mimi nikipiga kiatu nakwambia: hapo. Hapo ndipo pa kurekebisha. Na wewe badala ya kurekebisha unapunguza sauti!"

 Meno alitamani sakafu ipasuke. Halafu, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa amekunja ngumi kwa uchungu wa kweli, kicheko kilimtoka bila ruhusa, na Bi Taipu akatabasamu upande mmoja wa mdomo, kama mtu asiyetaka kulipia tabasamu zima.

Jumamosi asubuhi mkewe Meno alihamia kwa jirani na birika la chai, wakakaa yeye na Bi Taipu karibu na ukuta kama mahakimu wawili. Meno alianza na ile ya dhahabu. Alifungulia mwangwi wa kutosha, akaupiga wimbo wa mjomba kutoka mwanzo mpaka mwisho, na alipofika kwenye kuteremka aliteleza, lakini mwangwi wa noti zilizotangulia ukaja kama shuka, ukafunika. Ukuta ulikaa kimya. Alimaliza moyo ukimdunda kwa furaha.

Akawasha ile ya rangi ya chai, akabonyeza swichi ya nusu wati. Hii haikufunika kitu. Kila kidole kilisikika kikifika kwenye uzi, na kikichelewa kilisikika kikichelewa. Alipoanza kuteremka, pa!

Baada ya dakika moja mlango ulifunguliwa, wakaingia wote wawili, mkewe akiwa amebeba vikombe na kujizuia kucheka.

"Hiyo ndogo," alisema Bi Taipu kabla hajaulizwa.

"Lakini ile kubwa hukupiga kiatu hata mara moja," Meno alijitetea.

"Sikupiga kwa sababu sikusikia kitu cha kupigia. Imejaa ukungu. Nilikaribia kusinzia. Hii ndogo nimesikia mpaka kucha zako. Mtu anayejifunza anataka kitu cha kumsema, si cha kumsitiri."

"Mimi sijifunzi, mama. Nilikuwa najua."

"Ulikuwa," alisema Bi Taipu, akamwachia neno hilo alishike mwenyewe.

Jumapili nzima Meno alipiga ile ya dhahabu. Alijua alichokuwa akikifanya. Alikuwa akiiaga bila kukubali kwamba anaiaga. Ilikuwa tamu. Kwa nini mtu wa makamo, anayepiga chumbani kwake, asijipe utamu kidogo? Alimuuliza mkewe, mkewe akasema yeye hana maoni, zote zinaingia chini ya kitanda.

Jumatatu asubuhi, kliniki, aliletewa kazi iliyorudi. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amechukua meno ya chini wiki mbili nyuma, sasa yanamchubua fizi, hali chakula. Meno aliyageuza chini ya taa. Juu yalikuwa yanang'aa vizuri mno, mng'aro ambao hata yeye aliupenda. Lakini alipoyaweka juu ya plasta ya taya la mwalimu, aliona upande wa kushoto yamenyanyuka kidogo, upana wa karatasi. Alikumbuka siku ile. Alikuwa na haraka, aliona, akajiambia haitaonekana, akasugua zaidi. Alimtazama mwalimu aliyekaa kwenye benchi la kusubiri, mkono shavuni, anavumilia kwa adabu. Mng'aro haukuwa umemtafunia hata kipande kimoja cha mkate.

Alifanya ile kazi upya tangu nta, ikamchukua kutwa. Jioni alipitia nyumbani, akachukua amplifaya ya dhahabu, akairudisha kwa Fundi Redio. Fundi hakuuliza. Alishusha miwani ya pajini, akakagua waya wa spika, akasema, "Umenipunguzia kesi ya mauaji."

Zilibaki wiki nne na ushei. Meno aliukata wimbo vipande, akachukua ule mteremko peke yake, akaupiga kwa mwendo wa konokono. Kwa mara ya kwanza alisikia kosa lilipokuwa. Halikuwa pale alipokuwa akianguka. Lilikuwa noti mbili nyuma, ambapo kidole chake kidogo kilijiinua juu sana, kikachelewa kurudi, na wenzake wakalipia. Ujanani kidole hicho kilikuwa chepesi. Sasa kilikuwa kidole cha mtu aliyeshika vichongeo miaka ishirini na miwili. Alikifundisha kukaa karibu na uzi. Siku kumi za kwanza kiatu kilipigwa. Siku ya kumi na moja kilipigwa mara moja. Wiki ya tatu alifika chini akiwa salama, akarudia mara tano mfululizo, na alipotoka kwenda kutupa taka alimkuta Bi Taipu mlangoni kwake.

"Nimekusikia," alisema mama, akaingia ndani. Meno akatembea hadi kwenye pipa la taka kama mtu aliyevishwa nishani.

Chiriku alifika Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa ndege iliyochelewa. Meno na mkewe walisimama kwenye kizuizi cha wanaopokea wageni. Walimwona akitoka na mkokoteni wa mizigo, amenenepa kidogo, amejifunga skafu shingoni, anapunga mkono. Meno alimkumbatia mpaka miguu ya mwenzake ikaachana na sakafu.

"Kaka," alisema Chiriku.

Meno alimwachia, akamtazama. Alidhani ni mafua. Sauti iliyotoka ilikuwa pumzi zaidi kuliko sauti, imekwaruza, kama karatasi inayovutwa juu ya meza.

"Una nini? Umeugua njiani?"

Chiriku alilegeza skafu. Chini ya koo palikuwa na kovu jembamba, limelala kama mkufu. "Walinitoa uvimbe," alisema taratibu, akitafuta pumzi kati ya maneno. "Mwezi wa pili. Haukuwa mbaya, nimepona kabisa. Ila neva moja ya sauti iliguswa. Hii ndiyo iliyobaki."

"Miezi tisa! Miezi tisa hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, kaka? Kwa sauti hii?"

Mkewe Meno alikuwa wa kwanza kupata akili. Alimshika wifi yake mkono, akasema, "Twende nyumbani, hapa watu wanatukanyaga," akausukuma mkokoteni yeye mwenyewe. Garini Meno alihesabu miezi. Alikumbuka kwamba tangu mwanzo wa mwaka Chiriku alikuwa akiandika tu, hapigi simu, na yeye alidhani ni kazi nyingi. Alijilaumu kimoyomoyo mpaka walipofika.

Baada ya kula na kupumzika, alasiri, Chiriku mwenyewe ndiye aliyeuliza. "Haya, liko wapi gitaa?"

"Tunaweza kuacha. Si lazima."

"Nimekaa saa kumi na moja kwenye ndege, unaniambia si lazima? Mimi sikuja kuimba. Nimekuja kukusikiliza."

Wakaingia chumbani. Chiriku alikaa kitandani, miguu juu, kama alivyokuwa akikaa kwa mama yao. Meno aliwasha amplifaya, wakasubiri ipate moto. Akaupiga wimbo wa mjomba wote, na kile kipande cha katikati kikapita bila jiwe wala shimo. Ukutani kimya. Alipoinua macho alikuta Chiriku anafuta machozi kwa skafu, huku anacheka.

"Unakipiga vizuri kuliko zamani."

"Zamani nilikuwa sijui ninachokifanya."

Akaanza tena, taratibu, ili kuficha uso wake tu. Ndipo akasikia kitu kingine chumbani. Chiriku alikuwa akiguna wimbo. Alikuwa chini kabisa, chini ya kimo cha wimbo, na kila ulipopanda yeye alinyamaza, ulipotua akarudi. Meno hakugeuka, aliogopa kumshtua. Alipunguza sauti ya amplifaya mpaka akasikia kucha zake zikigusa nyuzi, mpaka ile sauti ya karatasi ikawa juu ya gitaa badala ya kuwa chini yake. Akafikiri, ningekuwa na lile jokofu la soda humu ndani, nisingejua hata kwamba anaimba.

"Hapo panakushinda?" aliuliza hatimaye.

"Pananishinda. Mimi sasa naishi ghorofa ya chini."

"Basi tuuhamishe wimbo."

Kuuhamisha wimbo chini lilikuwa neno la sekunde moja na kazi ya siku nyingi. Meno aliushusha hatua mbili, haikutosha. Tatu, Chiriku akatikisa kichwa. Nne na nusu, hapo pumzi yake ikapata pa kukanyaga. Lakini kule chini vidole vya Meno vilikuwa ugenini. Nyuzi alizozoea kuziacha wazi sasa zilitaka kubanwa, na ule mteremko alioutaabikia wiki nne ukatawanyika. Alianguka. Akaanguka tena.

Pa! Kiatu. Halafu nyayo za haraka, halafu hodi, na Bi Taipu akaingia bila kusubiri karibu.

"Umefanya nini?" alifoka. "Juzi ulikuwa unakijua! Umekivunja! Mtu anakabidhiwa hukumu safi, anaimwagia wino?"

"Mama, nimeuhamisha—"

"Kwa nini uuhamishe wimbo uliokwisha kutengemaa?"

"Kwa ajili yangu, mama," alisema Chiriku. "Shikamoo."

Bi Taipu aligeuka. Aliisikia ile sauti, akaliona kovu, na hasira ikamteremka usoni. Hakutoa pole, wala hakumhurumia kwa maneno. Alivuta kiti cha mezani, akakaa, mikono magotini.

"Marahaba," alisema. "Imba nisikie."

"Sina sauti, mama."

"Umeniambia shikamoo nimesikia. Imba. Huyu atajifunza, mimi nitamsimamia."

Chiriku alimtazama kaka yake. Meno alianza, polepole, kwenye kile kimo kipya. Chiriku aliimba ubeti wa kwanza: mjomba amesema kesho, kesho imefika jana, baiskeli iko njiani, njia ndiyo haijulikani. Zamani maneno hayo yalikuwa ya kuchekesha watoto. Kwa sauti hiyo iliyokwaruzwa yalikuwa bado yanachekesha, lakini mtu alicheka na kubaki ametulia. Katikati sauti ilimkatika, akasimama, akavuta pumzi, akaendelea pale ilipokatika. Kile kipande cha gitaa Meno alikiruka. Alisema kitakuja. Bi Taipu alimtazama kwa jicho moja, akakubali kuahirisha kesi.

Chiriku alikaa wiki tatu. Kila alasiri walifanya mazoezi nusu saa, wala si zaidi, kwa sababu daktari alimkataza kulichosha koo. Amplifaya ilibaki kwenye nusu wati. Kile kipande kilipata njia mpya siku ya tisa, njia fupi kidogo, yenye noti chache, na Chiriku alisema inafaa zaidi, kwa kuwa sasa mjomba naye amezeeka, hawezi tena kukimbia hivyo.

Siku moja kabla ya safari waliimba wimbo wote kutoka mwanzo hadi mwisho, mkewe Meno na Bi Taipu wakisikiliza. Walipofika ubeti wa tatu mambo yakaharibika, si kwa vidole wala kwa koo. Meno aliitikia kwamba mjomba alileta kengele ya baiskeli. Chiriku aliimba kwamba alileta pampu.

"Kengele!" alisema Meno.

"Pampu, kaka. Mimi ndiye niliyeandika."

"Uliandika, lakini kengele niliishika kwa mkono wangu huu."

"Uliishika kwenye baiskeli ya jirani!"

Bi Taipu alitaka kujua kama kuna nakala ya maandishi. Haikuwepo. Mkewe Meno alisema hotelini, vyumba viwili vikigombea kitanda kimoja, huongezwa kitanda. Basi wakaongeza ubeti. Walikaa wote wanne wakautunga, wenye kengele na wenye pampu, na baiskeli ikiwa bado njiani, mpaka chai ikapoa vikombeni.